Kiti Hakikuvutwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha kati, chumba namba mbili

Jina: linahifadhiwa, mtaani na chamani anajulikana kama Mama Uzi
Umri: miaka 57
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba za nyuma ya soko, mlango wa tatu kutoka kwenye bomba la maji
Uhusiano na aliyeumia: mke

Nimekuja hapa kwa miguu yangu mwenyewe, sikuitwa wala sikuletwa na mtu. Afande amenieleza kwamba mke halazimishwi kutoa maelezo yanayompinga mumewe. Nimemwambia nimeelewa, na aendelee kuandika. Kuna binti yuko mahabusu tangu juzi, anadaiwa kumvutia mume wangu kiti akaanguka na kuvunjika nyonga. Binti huyo hakumvutia mtu kiti. Mimi nilikuwepo.

Mume wangu ni mwenyekiti wa tawi la chama chetu. Alichaguliwa wakati kitinda mimba wetu anatambaa, na leo kitinda mimba huyo ana ndevu. Mimi ni mwanachama wa kawaida. Nimeshona bendera za tawi, nimeshona sare za kila kampeni, na mikutanoni nilikuwa nakaa nyuma na akina mama wenzangu, karibu na birika la chai.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe lazima nieleze desturi moja ya tawi letu, maana bila hiyo afande atadhani nasimulia vichekesho. Mwenyekiti akisimama kuzungumza, kijana mmoja husimama nyuma yake ameshika mgongo wa kiti. Mwenyekiti akisogea mbele, kiti kinasogea naye. Akirudi, kinarudi. Akimaliza maneno yake anakaa tu, hageuki, kwa sababu mkubwa kuanza kupapasa kiti mbele za watu ilionekana ni kujishushia hadhi. Kijana huyo aliitwa mshika kiti. Ilikuwa kazi ya kugombewa. Katibu wa tawi wa sasa alianzia hapo hapo, nyuma ya kiti cha mume wangu. Mume wangu amekaa kwa namna hiyo miaka yote, na mwili wake ukazoea. Nyumbani ameshamkalia paka mara mbili, na lawama zote zilikwenda kwa paka.

Mwaka jana tawi lilikuwa hoi. Mkutano ulikuwa na watu wachache, na nusu yao wanasinzia. Mume wangu ndiye aliyetoka kwenda kutafuta vijana. Alizunguka kwenye saluni, kwenye vibanda vya simu, kwenye uwanja wa mpira, akiwabembeleza wachukue kadi. Naomba hilo liandikwe vizuri: mlango aliufungua yeye. Walipoanza kumiminika alifurahi kupita kiasi. Alidhani wamekuja kupiga makofi.

Huyu binti anayeshikiliwa ni fundi simu, na kibanda chake kinatazamana na cherehani yangu. Tunamwita Chaji. Mkutano wake wa kwanza kabisa alinyoosha mkono akauliza kwa nini tunakutana saa nne asubuhi siku ya kazi. Akasema, "Samahanini wazee wangu, kwani chama hiki ni cha watu wasio na pa kwenda?" Ukumbi mzima uliguna. Mimi nilimkasirikia sana siku ile, nikasema moyoni huyu hakulelewa. Mwezi uliofuata mikutano ikahamia saa kumi na moja jioni, na wauza mboga ninaowafahamu tangu usichana wangu wakaingia ukumbini kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Meza kuu iliondolewa, viti vikapangwa duara. Kila msemaji akapewa dakika tano, na muda ukiisha simu ya Chaji inawika kama jogoo. Mara ya kwanza mume wangu aliwikiwa na jogoo hata hajamaliza salamu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ikabidi nijifanye nakohoa. Yeye alinuna siku mbili, lakini mkutano uliofuata alizungumza dakika nne, na wote tulimwelewa.

Sisemi kwamba vijana hawa ni malaika. Wana midomo, na wana haraka. Kuna siku walimzuia mzee mmoja nje ya mlango kwa sababu alichelewa, wakati wanaona kabisa anatembea kwa fimbo. Nilimfuata Chaji kibandani kesho yake nikampa vidonge vyake. Aliinamia tu simu aliyokuwa akiifungua. Jioni hiyo nikasikia amekwenda nyumbani kwa yule mzee kumwomba radhi. Tangu hapo nilianza kumtazama kwa jicho lingine.

Mwezi wa tano ikaletwa hoja ya kumfuta mshika kiti. Chaji alisema, "Kijana asijiunge na chama ili ashike kiti cha mwenzake. Ajiunge akae na yeye." Katibu alipinga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mume wangu ndiye aliyemkata kauli. Alisimama akicheka, akasema, "Kwani mimi mtoto? Macho ninayo na miguu ninayo." Hoja ikapita kwa kunyoosha mikono, na mkono wake ulikuwa juu.

Kuna jambo hapa ambalo sijamwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Viti vilipowekwa duara, mimi nilihamia kiti cha jirani yake. Kila aliposimama kuzungumza nilikuwa nakisukuma kiti chake kwa mguu, taratibu, kikamfuata. Akimaliza, anakaa bila kugeuka, kama zamani. Nadhani hakuwahi kujiuliza. Nilifanya hivyo kwa sababu namjua, nilijua hatageuka.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni, tulikutana ukumbini kwa uchaguzi wa tawi. Ukumbi wetu zamani ulikuwa ghala, sakafu yake ni ya saruji tupu. Wagombea walikuwa wawili, mume wangu na Chaji. Vijana walitaka kura ya siri. Wazee wakakataa kata kata, wakasema mtu mzima hujitokeza, hajifichi nyuma ya karatasi. Basi tukapiga kura kwa mistari kama tulivyozoea. Kila mgombea hutazama ukuta wake, wanachama wanajipanga nyuma yake, na haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe, ili asimwekee mtu kinyongo. Mume wangu goti linamsumbua, kwa hiyo alipewa kiti akakaa akitazama ukuta wa dirishani. Chaji alisimama akitazama ukuta wa mlangoni.

Msimamizi aliyetumwa na ngazi ya juu alipotoa ruhusa, nilikwenda ukuta wa mlangoni. Sikukosea njia. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo wiki nzima nikiwa kwenye cherehani. Katika miaka yangu yote ya mikutano, mtu wa kwanza kuniuliza "Mama, wewe unaonaje?" alikuwa huyu binti, na alipouliza alinyamaza akasubiri nijibu. Na mume wangu nampenda. Nilimwona amechoka, anaamka anahema, uenyekiti unamla huku anasema anashiba. Nilitaka arudi nyumbani. Yote mawili ni kweli na sikuweza kumweleza hata moja.

Nilikuwa wa kwanza nyuma ya Chaji, mkono wangu wa kulia uko begani kwake. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani?" Nikamwambia, "Tazama ukuta."

Msimamizi alianza kuhesabu mstari wa mume wangu. Hajafika katikati, mtu wa upande ule akasema kwa sauti, "Jamani, mke wa mwenyekiti si yule kule?" Mume wangu alisimama akageuka, kinyume cha utaratibu. Watu wake wakampisha. Alikuja mpaka katikati ya ukumbi, kiti amekiacha ukutani. Niligeuza shingo bila kuondoa mkono begani kwa Chaji, akaniona.

Akasema, "Mama watoto, umepotea mstari?"

Watu wakacheka. Nami ningeweza kucheka, ningevuka nikajiunga na upande wake, na leo nisingekuwa hapa. Nikasema, "Sijapotea, baba."

Kicheko kikakatika. Alinitazama. Tumezika mtoto mmoja mimi na yeye, na hata siku ile hakunitazama vile. Kisha akasema, "Haya. Hesabuni." Na akakaa.

Nyuma yake hapakuwa na kiti. Kiti kilikuwa ukutani, pale pale alipokiacha, na hakuna aliyekigusa. Watu wake walibaki kwenye mstari, hapakuwa na mtu karibu naye, nyuma wala ubavuni. Nilikuwa namwangalia yeye peke yake na sikupepesa. Alikaa kama anavyokaa siku zote, amenyoosha mgongo, bila kugeuka. Naomba na hili liandikwe: mguu wangu ulinyooka. Nilikuwa ng'ambo ya pili ya ukumbi na mguu wangu ulinyooka kusukuma kiti.

Chaji aligeuka baada ya kishindo, si kabla. Mpaka wakati ule mkono wangu ulikuwa begani kwake, kwa hiyo nasema kwa uhakika. Aliponyoka akakimbia, akawa wa kwanza kumfikia, akampitishia mikono kwapani amwinue. Katibu alikuwa katikati ya mstari wa mume wangu, amezibwa na watu. Alipochungulia alimkuta binti tayari yuko nyuma ya mwenyekiti. Akapiga kelele, "Wamemvutia kiti! Huyu hapa, mshikeni!" Hapo ukumbi ukawa vurugu tupu, vijana huku, wazee kule, na mume wangu sakafuni anauma meno ili asilie. Nilipiga magoti nikamshika kichwa. Sikumwona binti akichukuliwa.

Jana saa tatu asubuhi katibu alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa. Akasema, "Shemeji, wazee wote tumeshakubaliana. Kiti kilivutwa. Wewe usiseme mengi, kubali tu. Uchaguzi utafutwa, hawa watoto watanyang'anywa kadi, na mzee atarudi na heshima yake." Nikamuuliza, "Wewe uliona kikivutwa?" Akasema, "Nilimwona nyuma yake." Nikamuuliza tena, "Nimekuuliza habari za kiti." Akaniambia nisijitie ukichaa. Alipofika mlangoni akageuka, akasema nikienda polisi kusema kinyume nisihesabu tena kwamba nina mume.

Saa sita mchana nilikwenda wodini. Mume wangu aliniambia, "Walinivutia kiti." Afande, mume wangu si mwongo, na siji hapa kumwita mwongo. Anaamini. Mtu ambaye kiti kimemfuata miaka yote, siku asipokikuta lazima aamini kuna mtu amekivuta. Nilimnywesha chai kwa kijiko. Kikombe kilipoisha akatazama pembeni, akasema, "Ukiulizwa, sema ulikuwa mbali, hukuona vizuri." Ndivyo alivyonipa pa kupitia, na ninamjua, ilimgharimu kusema hivyo. Nilimgeuzia mto nikaondoka.

Usingizi haukuja. Kila nikifumba macho namwona yule binti anavyouliza "Ni nani?" mbele ya ukuta, na namwona mume wangu anavyokaa hewani. Nina hasira na wote wawili, na nina hasira na nafsi yangu kwa kuwahurumia wote wawili. Lakini mmoja yuko kitandani ana watu wa kumletea chai, na mwingine yuko nyuma ya mlango huu kwa jambo ambalo halikutendeka.

Najua maelezo haya yatafanya nini. Tawi zima litajua kwamba mwenyekiti alikaa sakafuni mwenyewe. Wazee watanisusa, na baadhi ya vijana watamcheka, na atakayemcheka mbele yangu atanitambua. Kura sijui ziliangukia wapi, hazikumalizwa kuhesabiwa. Nikitoka hapa nakwenda wodini moja kwa moja nikamwambie kwa mdomo wangu, kabla katibu hajafika.

Hapa ndipo ninapoishia. Niliyoyaona nimeyasema, niliyoyafanya nimeyasema, na hakuna aliyenishurutisha wala kunifundisha. Nimesomewa yote na ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA OFISA: Yameandikwa na mimi, koplo wa zamu, tarehe 16 mwezi wa tisa, kuanzia saa nne asubuhi. Shahidi alikuwa na akili timamu na alielezwa haki yake ya kutosema. Baada ya kusomewa aliomba sahihisho moja. Kila mahali nilipokuwa nimeandika "mlalamikaji" alitaka nikate niandike "mume wangu". Nilimweleza kwamba kisheria ni mtu yule yule. Akasema si yule yule. Nimekata kote, na shahidi ametia sahihi pembeni ya kila sahihisho.