Enduru Aliyoipiga Mama Yako

Bweranyange,
Karagwe, Kagera.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Anatory,

Bwana Yesu asifiwe. Nakuitikia marahaba mapema, maana najua hata kwenye karatasi ungeanza na shikamoo. Hujambo wewe? Mgongo unasemaje? Mkwe wetu Speciose hajambo, na watoto wanaendelea na shule? Nasikia joto la huko Mtwara halina adabu. Kunywa maji, mwanangu.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda mlima wa kanisani, lakini nikishafika naimba kama wengine. Kahawa zimeiva, tunachuma. Ndizi alizopanda marehemu baba yako nyuma ya nyumba zimezaa mikungu mizito hata nguzo za kuegemezea zimetupungukia.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu unaikata. Nikimtaja tu dada yangu, mama yako, na mambo ya sinema, unaniambia mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo utanivumilia mpaka mwisho.

Mwanangu, mama yako sasa ni mtu anayejulikana. Ana miaka sitini na sita, na wiki iliyopita tulipokwenda sokoni Kayanga tulishindwa kununua hata chumvi. Muuza dagaa aliacha dagaa zake akaita, "Bi Kemilembe! Bi Kemilembe huyu hapa!" Ndilo jina lake kwenye ule mchezo. Wasichana wakataka kupiga naye picha, na mama yako akawauliza kila mmoja ni mtoto wa nani, na kama alisali Jumapili. Mimi nilishika kikapu. Sikuona wivu. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyemzaa.

Si kwamba alianza jana. Wewe umekua ukimwona. Miaka thelathini Herode wa Krismasi kanisani kwetu ni yeye, kwa sababu wanaume wote walikataa kuamuru watoto wauawe, hata kwa kuigiza. Alivaa koti la mvua la baba yako na taji la boksi, na watoto wa shule ya Jumapili walimkimbia mpaka Pasaka. Basi hao wa sinema walipofika wakiulizia wazee wasioogopa watu, mchungaji aliwaleta moja kwa moja mlangoni kwake. Nyumba nayo wakaipenda, wakasema picha zitapigwa hapo hapo.

Sasa nikueleze siku ile yenyewe, maana wewe umeona kipande tu kwenye simu za wenzako kazini.

Aliyekuwa mume wake kwenye mchezo ni Mzee Elpidius, bwana afya mstaafu wa Bukoba, ambaye naye alianza kuigiza baada ya kustaafu. Ndiye aliyetakiwa kufa. Walimlaza sebuleni kwenye mkeka, wakamfunika shuka. Na usiwasikilize wanaosema mama yako ataolewa naye. Mke wa huyo mzee alikuwepo, amekaa karibu na mlango na chupa ya chai, akimwambia afe upesi chai inapoa.

Liliane, binti wa Dar anayeongoza picha, akamwambia mama yako, "Bibi, sasa lia kama mnavyolia huku."

Mama yako akauliza, "Kilio cha kanisani au enduru yenyewe?"

"Yenyewe, bibi."

Akapiga enduru.

Anatory, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi, na asubuhi ile nilikuwa nimemwona huyo maiti akila viazi. Nilijua kabisa ni mchezo. Lakini kisu kilinidondoka, nikajikuta nakimbia. Unajua enduru ya kwetu, yowe la msiba. Ukiisikia inatoka kwa jirani, huulizi. Unaacha ulichoshika unakwenda, na asiyekwenda atakumbukwa siku yake. Tulikuwa tumetangaza kanisani kwamba kutakuwa na picha, lakini tulisema Alhamisi, na hii ilikuwa Jumatano. Huyo binti wa watu angejuaje kwamba enduru huita watu?

Kijiji kizima kikaja. Theoneste alikuja na mzigo wa kuni kichwani, kama inavyopasa kwa mfiwa. Bibi Nikuze akaleta mikeka miwili. Wanawake wakaingia wamejifunga vitenge kiunoni, wakamkumbatia mama yako, wakalia naye. Wenye kamera hawakuzima. Mzee Elpidius alivumilia, akavumilia, mwisho akaona aketi aulize kuna nini.

Maiti akaketi! Theoneste alitupa kuni zikamwangukia mguuni, akachechemea mbio akimwita Yesu kwa Kinyarwanda. Watu walipita hata dirishani. Bibi Nikuze peke yake ndiye aliyebaki, mikono kiunoni: "Wewe mzee, kama umekufa, lala. Kama hujafa, toka kwenye shuka la watu!"

Hicho kipande hawakukionyesha. Walionyesha kuni, mikeka na machozi, na sasa watu wa mijini wanasema wale waigizaji wa nyuma ni hodari. Hawajui kwamba Theoneste hakuwa anaigiza chochote.

Lakini kilichofuata hakimo kwenye simu ya mtu, na ndicho kilichonishikisha kalamu.

Watu waliporudi walikuwa na hasira. Elick, balozi wetu, akasimama uani akasema, "Kokushubira, enduru haipigwi bure. Umetuitia nani?" Nilidhani mama yako ataomba radhi aseme ni mchezo. Yeye akasema, "Nimewaitia mume wangu Novatus. Sikuwahi kumpigia."

Elick alivua kofia. Theoneste alikuwa amefuata kuni zake. Badala ya kuzibeba, akapiga magoti akawasha moto. Tukapika ndizi na maharage, watu wakaketi kwenye mikeka ya Nikuze kama msibani, na mchungaji alipofika akaomba kwa ajili ya baba yako. Hao wa sinema nao wakaketi. Miaka minne tangu azikwe, mwanangu, ndipo watu walipomlilia kwenye ua wake.

Ule ujumbe wako, "Baba hukumlilia, unamlilia mtu wa sinema," mimi ndiye niliyemsomea. Hakuwa na miwani, akanipa simu, nami sikujua kilichomo mpaka nilipofika katikati. Alisema, "Ana haki ya kuuliza," akaenda kukata majani ya mbuzi.

Nitakuambia kwa nini hakulia, kwa sababu yeye hatakuambia. Baba yako alipokata roho hospitalini, nilikuwa naye. Wodi ilikuwa imejaa wagonjwa, muuguzi akatuomba kwa upole tunyamaze. Mama yako alifungua kinywa, na mimi, kwa mkono wangu huu, nikamshindilia kitenge mdomoni. Siku ya mazishi ulikuja na wakubwa wako wa kazini. Mama yako alipoanza tu kuinua sauti, ulimshika bega ukamwambia, "Mama, jikaze, nina wageni." Wewe huenda umesahau. Ulikuwa na huzuni na mambo mengi kichwani. Yeye alikutii, akajikaza.

Sikuandikii kukuhukumu. Ningekuwa hakimu, ningeanza na mimi na kile kitenge. Nimeungama mbele za Mungu, na yeye nimemwomba msamaha, tukalia wote wawili jikoni.

Sasa wanamtaka tena kwa sehemu ya pili, Bukoba, kuanzia Julai. Liliane amesubiri jibu mwezi mzima, na mwisho ni Jumatatu tarehe 30. Mama yako anasema wewe ndiye musika, mrithi wa nyumba ya baba yako, na hataondoka kwenye kibanja kile bila neno lako. Ukikaa kimya, atakataa. Ukisema hapana, atatii bila kununa, atarudi kwenye kahawa zake, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Maana ungemwona, Anatory! Anajifunza maneno yake huku anachuma. Akikosea neno moja, anarudi kwenye mti wa kwanza aanze upya, ndoo mkononi. Hasomi vizuri, lakini kila mtu anayetajwa kwenye mchezo ule, yeye anajua alikula nini jana na anamwogopa nani. Liliane aliniambia amefanya kazi na waliosomea kuigiza, na hajaona jicho kama la mama yako. Mungu alimpa kitu hiki zamani, sisi tukamvika koti la mvua.

Mjomba Benjamin anakusalimu, na kikohozi chake kimepungua. Mackrine anakusalimu, amepata mtoto wa kike. Theoneste naye anakusalimu. Mguu umepona, na kila siku anauliza kama kuna mtu atakufa tena ili naye ajiandae vizuri zaidi. Msalimie Speciose na uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Bwana akulinde kazini na njiani, aitunze nyumba yako, na akupe moyo mwepesi kwa yule aliyekuzaa.

Nakuomba ujibu upesi, barua hii ikikufikia tu, kabla ya tarehe 30. Wala usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Ni mimi mama yako mdogo akupendaye,
Edith