Pistashio si Karanga

Mjukuu wangu Adventina,

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe hapa Nyamiaga, natangaza rasmi kwamba pistashio uliyoniuliza si karanga. Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, na ng'ombe amezaa.

Miaka ile ya wakimbizi nilifanya kazi kwenye kitalu cha miche kambini. Mgeni mmoja wa misaada akanipa pistashio za kujaa kiganja, zenye ganda gumu lililopasuka mdomo. Nikataka kuzipanda, bwana miti aliyesimamia kitalu akaninyima tuta.

"Karanga peleka shambani! Hapa tunaotesha miti."

"Hii ni kokwa, bwana, kama ya embe, ila nyama yake imeshaondolewa. Fungua kitabu chako."

Akafungua, akasoma kimya. Mama mmoja Mrundi aliyefuata miche akamchokoza: "Soma kwa sauti, mwalimu, nasi tuelimike!"

Akasoma: mpistashio, mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Kitalu kizima kikalipuka kwa vigelegele. Nikapewa tuta la mbele kabisa, na bwana miti mwenyewe akanibebea ndoo. Siku hiyo niliona kuwa macho yangu nayo ni shule, maana kokwa ile niliitambua kwa kuitazama tu.

Nilimwagilia miezi miwili, kifua mbele. Haikuota hata moja, maana zilikuwa zimekaangwa.

Babu yako