Siku Thuo Atakapopanda Mizani

Jumatatu, 21 Julai 2025

Thuo anauza tena! Nimesikia leo kwa masikio yangu mawili, nikazima mashine ya kuchomelea.

Alikuja mama mmoja hapa kibandani, Msomali, buibui jeusi na raba nyeupe. Anaitwa Ruqiyo, anakaa mtaa wa Fedha. Anatafuta fundi wa kumwangalizia trela — si ya mizigo, ni ile ya safari, nyumba ya magurudumu, vitanda ndani, jiko ndani. Anainunua pamoja na pikapu ya kuivuta, kwa mtu mmoja. Huyo mtu amemwambia pikapu na trela ni kama mume na mke, zimeumbiwa pamoja.

Nikamwuliza, mtu gani?

Akasema, Thuo.

Nikajifanya natafuta brashi ya waya chini ya meza. Nilikaa huko chini muda mrefu kidogo.

Acha nijiandikie, maana sina wa kumwambia. Oktoba mwaka jana Thuo aliniletea pikapu nimchomelee ndoano ya nyuma, ile ya kushika trela. Nikaichomelea. Pikapu na trela akamuuzia mzee mmoja wa Kayole, Mzee Mugo. Wiki mbili hazikuisha. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu trela ikaanza kuyumba, ndoano ikang'oka, trela na pikapu vyote vikalala ubavu. Mzee akavunjika nyonga. Na kabla hajatoka hospitali, Thuo akaandika kwenye grupu la mafundi: weldi ya Mideva imekatika, jihadharini. Watu mia mbili wamo kwenye lile grupu! Wote wakasoma. Wengine wakaweka kidole gumba.

Tangu siku hiyo nachomelea miguu ya vitanda na majiko ya makaa. Mimi! Nilikuwa nachomelea matangi ya maji ya magorofa.

Sikumjibu hata siku moja. Nilikuwa nangoja, sijui nangoja nini. Leo nimejua.

Nimemwambia Ruqiyo nitakuja.


Jumatano, 23 Julai

Fedha, kwenye yadi ya Thuo. Natamani ningempiga picha uso wake nilipoingia nyuma ya mteja wake.

"Ah, fundi Mideva! Umepotea."

"Sijapotea, bwana Thuo. Niko palepale Mowlem uliponiacha."

Ruqiyo akatutazama, mara mimi, mara yeye. Nikamwambia tunafahamiana kikazi.

Trela ni nzuri, sikatai. Imepakwa rangi ya maziwa, ina mapazia. Nikaingia. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo: tangi la maji la lita mia mbili, friji, mitungi miwili ya gesi, betri nne za sola, jenereta mbele kabisa, kabati za mbao nzito. Nikauliza uzito wake. Thuo akapiga kile kibati cha kiwandani mlangoni kwa kidole — tani moja na robo, soma mwenyewe.

Nikasema hiyo ni tani moja na robo ilipotoka kiwandani ikiwa tupu. Hizi kabati umeweka wewe.

"Madam, relax. Hii pikapu inavuta hata treni."

Mama yake Ruqiyo alikuwa amebaki garini, Mama Fadumo. Magoti yamemkataa, kitanda cha hoteli hawezi kukipanda. Ruqiyo anataka kumzungusha Agosti, watoto wakifunga shule: Naivasha, Nakuru, halafu Isiolo alikozaliwa. Mama alale kwenye kitanda kilekile kila siku, kifupi, cha kipimo chake. Alinieleza hayo yote akishika pazia la trela, akilikunja na kulikunjua.

Naivasha. Njia ni ileile, mteremko ni uleule.


Ijumaa, 25 Julai

Nimekisoma kitabu cha ile pikapu, Ruqiyo alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Ni aina ileile aliyouziwa Mzee Mugo, na trela yake nayo ilikuwa ya namna hii. Ileile! Injini ndogo, mkia mwepesi. Mwisho wake wa kuvuta ni kilo elfu moja na mia tano. Kwenye ndoano, uzito wa kukandamiza chini usizidi kilo mia na ishirini.

Watu hawaelewi hili. Wanadhani gari likiweza kuondoa trela pale yadini basi kazi imekwisha. Kuondoa si kazi. Kazi ni kusimamisha. Kazi ni mteremko, na upepo wa lori linalokupita. Trela ikizidi uwezo wa gari linaloivuta, kwenye mteremko si gari tena linaloongoza. Na pua ya trela ikiwa nzito, inakalia mkia wa pikapu, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, unageuza usukani na gari halisikii.

Mzee Mugo alisema hivyohivyo hospitalini, niliambiwa. Kwamba usukani ulikuwa kama wa gari la mtoto la kuchezea.

Kwa hiyo ilikuwa pikapu! Ilikuwa Thuo! Miezi tisa nimebeba jina bovu la mtu aliyeuza punda kwa mzigo wa ngamia.

Nimefurahi vibaya. Nimekula chapati tatu.


Jumapili, 27 Julai

Kanisani. Neno la leo lilikuwa samehe saba mara sabini. Nilihesabu nondo za dirisha. Zile nilizochomelea mimi zimenyooka. Ule mlango waliompa fundi mwingine umeanza kulia.


Jumatatu, 28 Julai

Ruqiyo alikuja na mizani ya bafuni, ile ya kupandia watu. Tukaenda yadini Thuo akiwa ametoka kwenda chai, mlinzi akatufungulia. Nikaweka tofali mbili, nikaweka mizani juu yake, nikateremsha pua ya trela polepole.

Mshale ukazunguka mpaka mia na hamsini, mwisho wa mizani, ukakwama hapo. Kisha kitu ndani kikalia tak! Mizani imekufa.

Ruqiyo akacheka kwanza. Halafu akaacha kucheka.

"Fundi, mbona Thuo hakuniambia?"

Hapa ningesema yote. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikamwambia tusubiri, Jumamosi tuipeleke kwenye mizani ya malori pale yadi ya mawe, Kangundo Road, na Thuo awepo, aone namba kwa macho yake. Ruqiyo akakubali. Akaniita dada mkweli.

Ukweli ninao, ila wiki hii una meno. Niandike na hili, hakuna anayesoma: njiani kurudi nilifikiria kunyamaza kabisa. Anunue. Ashuke Mai Mahiu. Thuo aanguke mara ya pili mbele ya Kenya nzima, na hakuna weldi yangu pale ya kusingizia. Nilifikiria hivyo kutoka Fedha mpaka Mowlem. Kisha nikamkumbuka Mama Fadumo amekaa garini, mikono juu ya magoti. Nikaona haya. Lakini nilishafikiria, na haya haifuti.

Jumamosi inatosha.


Jumatano, 30 Julai

Nimeenda Kayole kumwona Mzee Mugo. Sikuwahi kwenda. Nilikuwa naogopa uso wake.

Anakaa ghorofa ya chini sasa, ngazi zimemshinda. Anatembea kwa magongo mawili. Nilimwambia mimi ndiye Mideva. Akasogeza magongo kunipisha. Kisha akasema, ingia mama, baridi ni kali.

Nikamwambia: Jumamosi njoo yadi ya mawe saa tano. Nataka nikuonyeshe kilichokuangusha. Sitasema leo, nitasema mbele ya Thuo. Nililipanga hilo tangu Ijumaa, maneno nilikuwa nayo tayari kama shairi la shule.

Mzee akafikiri. Halafu akasema kuna kitu alikihifadhi. Wale waliovuta gari walimpa, akakataa kukitupa, hajui kwa nini. Akaniomba nivute gunia chini ya kitanda.

Ilikuwa ndoano. Na kipande cha chuma kilichong'oka nayo.

Nilikipeleka dirishani. Mimi ni fundi wa miaka kumi na tisa. Chuma hakiwezi kunificha kitu.

Upande wa kulia bati la pikapu limechanika, limekuja na mshono. Hapo weldi ilishika, gari ndilo lililoshindwa. Lakini upande wa kushoto — mshono umebanduka mzima. Chini yake chuma kinang'aa, laini, hakijayeyuka hata kidogo. Mshono haukuzama. Ulikaa juu juu kama uji uliomwagika mezani.

Mshono wangu. Naujua, nashonea kwa mkono wa kushoto, mawimbi yake yanalala upande.

"Unaonaje, mama?" Mzee Mugo akauliza.

Nikasema mwanga ni mdogo. Saa sita mchana.


Alhamisi, 31 Julai

Nimekumbuka ile siku. Stima ilikuwa inapanda na kushuka, mashine ilikuwa inakohoa. Nilijua. Thuo alikuwa amesimama pale akitazama saa, fanya haraka, mteja anangoja. Nikamaliza hivyohivyo, nikapiga brashi, nikapaka rangi nyeusi. Ukishapaka rangi, mshono wote unafanana.

Leo nimechomelea vipande viwili, kimoja kwa moto mzuri, kimoja kwa moto hafifu. Nikapiga nyundo. Cha pili kimebanduka kwa pigo la nne. Kinang'aa vilevile.

Lakini pikapu ilikuwa ndogo! Ingeangusha tu. Hata mshono mzuri ungeangusha. Labda mbele zaidi, labda kwenye tambarare. Labda mzee angekuwa na wakati wa kusimama.

Namchukia Thuo kuliko juzi. Hii ndiyo inayonishangaza.


Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nimekaa juu ya tofali nyuma ya kibanda cha karani wa mizani. Nimeomba dakika tano. Nimesema tumbo.

Nianze mwanzo. Thuo alikuja mwenyewe akiendesha, miwani ya jua kwenye baridi hii. Pikapu peke yake: kilo elfu mbili mia moja na themanini. Pikapu na trela pamoja: elfu nne mia moja na hamsini. Karani akatoa hesabu kwa sauti, trela ni elfu moja mia tisa na sabini. Haina maji bado. Haina chakula, haina nguo, haina blanketi hata moja.

Nikafungua picha za kitabu kwenye simu, nikaweka kidole. Elfu moja na mia tano. Nikamwambia Ruqiyo: dada, hii ndoa haipo. Gari hili si mume wa trela hii. Ama utafute pikapu kubwa, ama trela ndogo.

Ruqiyo hakupiga kelele. Alimgeukia Thuo akasema, "Ungemweka mama yangu humo?" Basi. Akaenda kusimama kando, akapiga simu kwa Kisomali.

Thuo alivua miwani. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala. Madereva wa malori walikuwa wanasikiliza, mmoja akacheka. Niliingoja furaha. Ilikuja kidogo, kama stima ya ile siku.

Ndipo Mzee Mugo akashuka kwenye tuktuk, magongo kwanza, halafu gunia. Amelibeba! Sikumwambia alibebe.

Thuo akamfikia kabla yangu. Akamsaidia gunia kwa heshima kabisa, karibu mzee, pole mzee. Akalifungua. Akakigeuza kile chuma mara moja tu. Naye ni fundi. Kisha akakirudisha, akaja kwangu, akasimama begani kwangu kama tunaangalia mizani.

Akasema chini chini: Mideva, nimeona upande wa kushoto.

Nikaitazama namba ya mizani.

Akasema huyu mama wa Fedha hanunui tena, sawa, nimempoteza. Lakini mzee hakusikia namba. Hajui gari lake lilikuwa kama hili. Akijua hilo mimi nimekwisha. Akijua ule mshono wewe umekwisha. Tumwambie chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Si mimi, si wewe. Na leo leo, kabla ya saa nane, naandika kwenye grupu kwamba nilikukosea, jina lako ni safi.

Jina langu ni safi. Miezi tisa nimeota maneno hayo, na kwenye ndoto ni yeye anayeyasema.

Nikamwambia nipe dakika tano.

Nikichungulia kwa pembe ya kibanda naona hivi. Ruqiyo amemaliza simu, amemletea Mzee Mugo kiti cha plastiki. Wanasalimiana. Mzee ameshika kile chuma magotini kwa mikono miwili. Ruqiyo ameinama anakitazama, anauliza kitu. Mzee anatikisa kichwa, ananinyooshea gongo huku.

"Mama!" anaita. "Mideva! Njoo umwambie huyu binti. Mimi chuma sijui kukisoma."

Thuo yuko katikati ya njia. Amenigeukia. Haogopi tena — amesogea pembeni kidogo kuniachia nafasi ya kusimama, hapo ubavuni pake, kama mwenzake.