Walituomba Tuijaribu Tovuti

Jumatatu, 1 Machi 1999

Rehema,

Nimefungua ukumbi mapema. Nimefagia, nimepanga viti. Darasani kwako Mwalimu Tsuma amefundisha kutengeneza feni. Ndege ikipita juu anasimama, chaki iko hewani, mpaka kelele ziishe. Wewe pia ulikuwa hivyo. Sijui kama alijifunza kwako au sote watu wa Port Reitz ndivyo tulivyo.

Siku hizi nikishafungua mlango sirudi nyumbani. Nakaa kiti cha nyuma nasikiliza. Tangu ututoke nyumbani kumekuwa kimya mno.

Baada ya darasa alikuja msichana kutoka ofisi ya wafadhili, wale wanaotulipia ukumbi. Anaitwa Naomi, mtu wa bara. Hakutoa shikamoo, alisema "habari zenu" tu. Anasema ofisi yao imetengeneza masomo ya ufundi wa umeme kwenye kompyuta. Mtu anaketi popote, anafungua, anajifunza peke yake. Wenyewe wanaiita tovuti. Wanataka watu wa kuijaribu kabla haijafunguliwa kwa wote.

"Msiogope," akasema. "Tovuti haiwajaribu nyinyi. Nyinyi ndio mnaoijaribu."

Kwa nini aone haja ya kutuambia hivyo? Hakuna aliyekuwa ameogopa.

Nimekubali kwenda. Heri niwe ndani nione.


Jumatano, 3 Machi

Chumba chao kiko Changamwe, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Kuna feni nzuri. Mezani mahamri, chai, na soda kwa atakaye. Tumekula. Kisha nikaitwa mimi wa kwanza.

Kompyuta inalia kabla ya kushika laini ya simu, mlio kama wa paka waliofungiwa guniani. Halafu picha inashuka polepole kutoka juu kama chandarua kinachoteremshwa. Naomi akaketi nyuma yangu na kalamu yake. Akanitaka nitafute somo la kutengeneza pasi. Akasema nifanye kama kwamba yeye hayupo, na niseme kwa sauti kila ninachokiwaza.

Hilo limenikera. Mtu yupo, ananipumulia karibu, nifanyeje kama hayupo? Na mtu mzima hasemi kila anachokiwaza. Nilikuwa nakuwaza wewe, unapuliza vumbi kwenye pasi ya jirani, miwani imekuteremka puani. Nimwambie hayo?

"Nawaza pasi," nikasema.

Nilikwama mara nyingi. Kila nikigeuka kumtazama anatabasamu, anaandika, hasemi kitu. Kwetu mgeni akipotea na wewe njia unaijua, unamwonyesha. Huyu anakaa anakutazama unavyopotea. Sikumpenda.

Mwisho akauliza nimeonaje.

"Nzuri. Nzuri sana, alhamdulillahi."

Mahamri yake yalikuwa bado tumboni. Ningesema nini?


Alhamisi, 4 Machi

Sasa najua.

Mwalimu Tsuma aliitwa ofisini asubuhi. Watu wa ofisi wameambiwa na wakubwa wao kwamba tovuti ikionekana nyepesi kwa watu wetu, ukumbi hautalipiwa tena baada ya mwezi huu. Darasa litafungwa. Alitueleza baada ya somo, amesimama, hajafuta hata ubao.

"Mliulizwa mmeonaje. Mlijibu nini?"

Bi Mwanasha akasema, "Nzuri."

"Na wengine?"

"Sote nzuri, Mwalimu."

"Basi mmekula mahamri, mkalizika darasa."

Mama Kadzo peke yake ndiye aliyecheka. Ni yule anayewafulia na kuwapigia pasi watu wa uwanja wa ndege. Alijibu, "Ah, Mwalimu, nawe ungalipewa ungalikula." Kisha akainamisha kichwa.

Nina hasira. Yule msichana alijua. Alitulisha akijua.


Jumapili, 7 Machi

Nilivuka kwenda Mtongwe kwenu. Kakako hajambo. Tuliongea habari za nyavu na za bei ya nazi. Hakutaja jina lako, nami sikulitaja. Anaogopa kuniumiza. Wote wanaogopa. Majirani wakinikaribia wanageuza maneno.

Ukumbini tu ndiko wanakokutaja, tena bila kufikiri. "Bi Rehema alisema skrubu zikae kwenye kisahani." "Bi Rehema hakuwa akifunga waya hivi." Wanakutaja kama mtu aliyetoka kwenda dukani.

Darasa likifungwa sitakusikia tena popote. Hilo ndilo ninaloliogopa. Si jambo la umeme.


Jumanne, 9 Machi

Tumeitwa tena Changamwe. Safari hii nilikataa chai. Bi Mwanasha alinikodolea macho.

Naomi alikuwa ameweka pasi ya kweli mezani, karibu na kompyuta, waya wake umechomekwa ukutani. Mama Kadzo aketi, asome somo, aifungue pasi hatua kwa hatua. Sisi tukae kando, tusimsaidie. Msichana alirudia hilo: tusimsaidie kwa lolote.

Mama Kadzo akasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo. Picha ya pasi. Mishale. "Legeza skrubu ya nyuma." Akachukua bisibisi.

Nilingoja asome habari ya waya. Hakusoma. Haikuwepo. Wewe hukumruhusu mtu kugusa skrubu mpaka plagi iwe pajani mwake, aione, aiguse. Hilo ndilo lililokuwa somo lako la kwanza, hata kabla ya jina la mwanafunzi. Mama Kadzo analijua. Lakini kompyuta ilimwamuru, na mbele ya kompyuta amekuwa mtoto. Bisibisi ikaingia.

Niliinuka. Naomi akasema, "Mzee, tafadhali." Sikumsikiliza. Nikachomoa plagi nikaitupa mezani. Nilimwambia mbele ya wote kwamba alikokulia huenda watu huua wenzao kwa kalamu, lakini hapa hatujazoea.  Sijawahi kumsemea mtoto wa mtu maneno kama hayo.

Hakukasirika. Alinionyesha swichi ya soketi.

"Imezimwa tangu asubuhi, mzee. Sikutaka mtu aumie."

Kisha akashika ile mausi ya kompyuta akaivuta, na ukurasa ukapanda juu, na chini yake kukatokea maneno mengine. Kule chini kabisa, herufi ndogo: chomoa waya kabla ya kuanza.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ukurasa una chini. Tulidhani kinachoonekana kwenye kioo ndicho chote. Karatasi ukiishika unaona mwisho wake. Kitabu unahisi unene wake. Hiki kioo kinakuficha kikikutazama usoni.

Nilidhani mchezo umekwisha, nikageuka kuondoka. Akanifuata hadi ngazini.

"Mzee Omari, watu wa pwani mtanimaliza na hiyo nzuri yenu. Naona mikono yenu imekwama, midomo inasema nzuri. Nikiwaambia wakubwa wangu kwamba watu wanapotea, wananiuliza: wenyewe wamesemaje? Nifanyeje?"

"Ungetuambia tangu mwanzo."

"Ningewaambia mseme mbaya, hiyo ingekuwa kazi?"

 Akasema wakubwa wake watakuja ukumbini tarehe kumi na nane kutuuliza wenyewe.


Jumatano, 10 Machi

Nimelala vibaya. Huenda anasema kweli. Huenda anatutumia kupigana na wakubwa wake, wao wapatane kesho, sisi tubaki barabarani. Msichana anayeweza kutega pasi anaweza kutega mengine.

Hata hivyo maneno yake ya ngazini nayakumbuka. Mikono imekwama, midomo inasema nzuri. Ndivyo ilivyokuwa.


Ijumaa, 12 Machi

Baada ya sala nilipita kwa Bi Mwanasha. Nikamwomba siku ya wakubwa kuja aseme aliyoyaona.

"Omari, nimekula kwake. Nimwaibishe mbele ya waliomwajiri? Mamangu angalikuwa hai angalinipiga."

"Mwenyewe ndiye anayetaka tuseme."

"Anasema hivyo. Mwenyeji husema 'samahani, chakula hakikukolea.' Nawe ushawahi kumjibu mtu, 'Naam, hakikukolea'?"

Nilicheka.  Tangu utotoni tumefunzwa kwamba aibu ya mwenyeji ni aibu ya mgeni. Ofisi hiyo sasa itatuhukumu kwa heshima zetu.

Kwa Mama Kadzo nilimkuta ana rundo la mashati meupe. Hakuacha kupiga pasi. Alisema ataona siku hiyo, Mungu akipenda. Mkono wake wa kulia aliuficha chini ya shati nilipomtaja yule msichana. Bado ana woga kutoka siku ile, ingawa hakuguswa na kitu.


Jumatatu, 15 Machi

Darasa la taa. Wachache wamekuja. Wengine wameshasikia kuwa tunafungwa, hawaoni haja.

Mwalimu Tsuma hanisemeshi sana. Labda ananishuku, kwa kuwa Naomi alionekana akizungumza nami ngazini. Nami ningalimshuku.


Alhamisi, 18 Machi

Walikuja wawili, mwanamume mwenye tai na mwanamke mzima wa makamo, na Naomi nyuma yao. Walileta mahamri. Sinia nzima. Nilijua tumeshindwa nilipoiona.

Mwanamume akasema maneno ya utangulizi kuhusu maendeleo na karne ijayo. Ndege ikapita, akaendelea kusema, hatukusikia nusu. Kisha akauliza tovuti tumeionaje.

Bi Mwanasha alikuwa mbele. "Nzuri sana, mwanangu. Mungu awabariki."

Akaandika. Nikamwona anaandika.

Naomi alitazama sakafu. Hapo ndipo nilipoamini kwamba alikuwa peke yake katika jambo hili. Sijui kwa nini ni hapo hasa. Labda ni vile alivyoshika mkoba wake.

Nikasimama. Nilitoa salamu zote. Niliwashukuru kwa mahamri, kwa ukumbi, kwa safari. Nikawaomba radhi kabla sijasema, na radhi ya Bi Mwanasha pia. Kisha nikasema sisi ni watu ambao mtu akitukanyaga mguu tunasema hukunikanyaga. Kwa hiyo neno letu la nzuri wasilipokee kama hesabu ya duka. Nikawaambia nilipotea. Nikataja nilipopotea, moja moja. Nikawaambia habari ya ukurasa wenye chini, na ya pasi, na kwamba ingalikuwa nyumbani kwa Mama Kadzo, swichi haingalikuwa imezimwa na mtu yeyote.

Nilikaa.  Niliona aibu kama nimevua nguo.

 Mwanamume akafungua mdomo. Mama Kadzo akamtangulia, bado ameketi, anatazama mikono yake.

"Mimi nilidhani nimeshamaliza kusoma. Ningalikufa nimemaliza."

Halafu mwingine akasema maandishi ni madogo. Mwingine akasema picha zikichelewa hujui kama uendelee au ungoje. Mwingine akasema kile kitufe cha kurudi kilimtoa nje kabisa, akaona haya kusema, akajifanya anasoma. Walisema kwa muda mrefu. Hata Bi Mwanasha mwisho akasema, "Mimi nami, wallahi, sikulipata lile somo. Nilitazama tu ile picha ya pasi, ni picha nzuri."

Watu walicheka. Yule mwanamke wa makamo alicheka pia. Mwanamume hakucheka.

Waliondoka bila kuahidi chochote.


Jumatatu, 22 Machi

Hakuna habari. Nimefagia. Nimepanga viti.


Alhamisi, 25 Machi

Mwalimu Tsuma ameitwa. Ukumbi utaendelea kulipiwa mpaka tovuti itengenezwe upya na kujaribiwa tena. Tena wamesema darasa liwe mahali pa kuijaribia. Hawakusema itachukua muda gani.

Watu walishangilia. Mimi sikushangilia. Aliyesema "mpaka" hajasema "daima". Watatengeneza herufi ziwe kubwa, watalipandisha lile onyo juu, nasi tutaulizwa tena, na safari hiyo huenda nzuri ikawa ya kweli. Nitasema nini siku hiyo? Sitaweza kusema uongo upande wa pili.

Naomi amerudi Nairobi. Mwalimu anasema amehamishwa. Nilimuuliza ni kwa heri au kwa shari. Hajui. Ofisi haikusema. Sikupata kumwomba radhi kwa yale maneno ya kalamu.

Mwalimu alinipa mkono. 


Alhamisi, 1 Aprili

Idd imepita salama. Wenzetu Wakristo wanajiandaa kwa Pasaka, kwa hiyo darasa lilikuwa fupi.

Amekuja mwanafunzi mpya, mke wa askari, hajui mtu. Aliuliza nani aliyeanzisha darasa hili. Nilikuwa karibu na mlango, nikasikia, nikafungua mdomo. Mama Kadzo akajibu kabla yangu. Akaanza kueleza habari zako, wenzake wakaongezea. Alisema ulikuwa mrefu.

Hukuwa mrefu. Ulikuwa ukinifika begani.

Sikumsahihisha. Nilikaa kiti changu cha nyuma nikasikiliza habari za yule mwanamke mrefu aliyewafundisha, mpaka wakamaliza.

Kisha nikafunga ukumbi, nikaja nyumbani.

Sisi tunakukumbuka. Nawe nikumbuke.