Pikipiki ya Maji ya Waisiko

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Itiryo. Matope mpaka kwenye goti — na mimi nimevaa viatu vipya, mjinga kweli. Nimeenda kukagua jetski ya Waisiko, mjane wa Nikolaus. Marehemu aliinunua Kisumu alikokuwa akifanya kazi, akaileta kijiji kisicho na ziwa. Wanaume! Imewekwa chini ya ghala la mahindi, kuku wanalalia kiti. Evance, mdogo wangu wa Musoma, anaitaka kwa wageni wa hoteli yake.

Nimemwamkia mama wa watu shikamoo, nimekunywa uji wake, nikaanza kuponda. Rangi imepauka. Kiti kimechanika. Bodi nimeigonga kila upande, haina ufa hata mmoja — nikatikisa kichwa.

Anataka ng'ombe wanane, pesa hataki. Hana mtoto wa kiume, na mashemeji wanalimezea mate shamba lake. Kwa hiyo anamwoa Esta, nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke kwa mila, ili watoto wa Esta wawe wa nyumba yake. Esta ameridhika. Baba yake atasubiri ng'ombe mpaka tarehe ishirini, baada ya hapo anampa mtu wa Sirari. Yote hayo kanieleza mwenyewe! Muuzaji gani anataja shida yake kabla ya bei?

Jumapili, 10 Novemba

Nimerudi na Magige, fundi wangu wa bodaboda. Kaweka betri yake. Ikawaka mara moja, mlio safi. Akasema tuiache ingurume mpaka ipate moto, ndivyo anavyopima pikipiki. Waisiko akaja mbio na mpira wa maji kutoka kwenye simtanki, anasema marehemu alikuwa anaunganisha maji kwanza.

"Mama, mambo ya injini tuachie sisi," nikamwambia.

Akarudi nyuma, maji yanamwagikia miguu yake.

Dakika kumi. Harufu ya mpira unaoungua. Moshi. Kimya.

Magige kaniangalia. Mimi nikasema kwa sauti, mashemeji waliokuja kutazama wasikie, kwamba marehemu aliuziwa mkweche. Mmoja akacheka. Nikatoa ng'ombe watatu, na ashukuru namwondolea takataka.

Alhamisi, 14 Novemba

Kakubali watatu. Nimemchagulia waliokonda, mmoja ana jicho moja. Amewapokea bila kuniangalia usoni.

Jumatatu, 18 Novemba

Fundi wa injini za boti katoka Musoma, kaikuta uani kwangu. Kafungua, kacheka. Chombo hiki kinapozwa na maji — sisi tumekiwasha pakavu! Kumbe ni mpira wa kutolea moshi tu ulioungua, injini haina kosa. Kafunga mwingine, kazi imekwisha. Nimemwambia Magige afunge mdomo. Nilidhani nitaona aibu kidogo. Wapi! Nimekula ugali wangu, nimeshiba.

Jumatano, 20 Novemba

Waisiko yupo sebuleni. Naandika jikoni, chai inachemka. Katoka Itiryo alfajiri. Baba yake Esta kawakataa wale watatu. Binti anachukuliwa jioni ya leo. Nikajua amekuja kugomba. Hapana. Anasema mashemeji wanamtukana marehemu kila siku, mpumbavu aliyetupa mali ya ukoo kwa mkweche, na yeye hawezi tena kumtetea. Anataka neno moja tu kutoka kwangu.

"Mwanangu, niambie kweli. Mume wangu aliibiwa?"

"Aliibiwa, mama."

Akainamisha kichwa. Basi, akasema, angalau nimejua. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nimefungua bomba — linatoa hewa tu. Maji yote yanakwenda uani. Magige! Gari la Evance linakuja saa tisa, kaunganisha mpira aijaribu kabla haijapakiwa, nami sikumwambia nina mgeni.

Imewaka. Mlio ule ule.

Nimechungulia. Waisiko kasimama. Anaelekea mlango wa uani, na huko ataukuta mpira wa maji umeunganishwa, kama alivyotuambia siku ile.