Dirisha Lililozibwa

Ljubiša,

Nimekwenda kwa dada, narudi jioni. Maharage yako jikoni, yapashe moto kwanza. Paka asiingie kwenye karavani, hiyo nyumba yako ya magurudumu, gundi ya zulia haijakauka.

Ndiyo, nimeingia. Uliponikataza nisichungulie mpaka umalize, nilijua kuna jambo. Mwanamume gani anashona mapazia kwa siri? Kabati umelipaka rangi vizuri, sikunyimi haki yako. Lakini tulikubaliana kitanda kimoja, nami nimekuta viwili, tena cha nyuma kina godoro nene kuliko letu. Chini yake kuna ndara za sufu, za kike. Si zangu! Nikakaa pale nikiwapitisha kichwani wanawake wote wa mtaa huu, hadi yule muuza mkate anayekuita "jirani" kwa sauti ya asali.

Ndipo nikaliona dirisha la juu ya hicho kitanda. Umeliziba kwa sponji pande zote, katikati ya joto la Julai! Hapo nikajua. Anayeogopa upepo wa dirishani kama risasi ni mmoja tu: mama yako.

Kwa hiyo anakuja nasi baharini. Mimi ningeambiwa lini, tukishavuka mpaka?

~~Nendeni wenyewe.~~ Nakuja. Ila godoro nene ni langu, na dirisha litafunguliwa.

Bora angekuwa muuza mkate.

Mkeo, asiyeulizwa