Piko ya Zuhura Siku ya Jeshi

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Magoti yaendeleaje baada ya mvua? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila nina jambo limenikaa kifuani. Sikupiga simu kwa sababu wewe huiweka spika, na nusu ya Pate hunijibu kabla yako. Barua hii usiisome kwa sauti.

Mjukuu wako Zuhura amechukuliwa jeshini. Ndiyo, huyo huyo anayepanda kitandani akiona mjusi.

Ilianza jikoni. Nilikuwa nachuja tui, yeye akinisomea masharti kwenye simu yake: kila sehemu ina nafasi zake, uje na kitambulisho na cheti cha shule, uwe na kimo, macho, meno na mbio, usiwe na tatuu mwilini. Baba yake aliitikia kila sharti "mashaallah," utadhani binti anaposwa. Mimi nikazidi kukamua nazi. Sikutaka aende, Mama. Ndiye mtoto wangu wa pekee, na kuvuka mpaka kwenda vitani si kwenda sokoni.

Basi siku mbili kabla ya usajili, tulikuwa na harusi ya mpwa wa mume wangu. Zuhura akaniomba nimpake piko, ile rangi nyeusi ya harusi, kidogo tu, kwenye kidole. Nikamchora mikono mpaka viwiko na miguu mpaka juu ya vifundo, maua na majani, nyeusi tititi. Nikamwambia watu watasemaje, binti wa mchora piko aende harusini mikono mitupu? Ilikuwa hila, Mama. Masharti nilikuwa nimeyasikia vizuri.

Siku ya usajili, uwanjani tulisimama na wazazi wengine nyuma ya kamba. Zuhura alikimbia! Alikwenda bega kwa bega na wasichana wa bara wenye miguu mirefu, baba yake akishangilia mpaka meno ya bandia yakamtoka. Kisha wakaambiwa wavue viatu wakaguliwe nyayo. Sajenti, mama wa makamo, akayatazama yale maua yangu, ya miguuni kisha ya mikononi.

"Tatuu. Toka kwenye foleni."

"Si tatuu, afande. Ni piko, itatoka."

"Itatoka lini?"

"Wiki mbili."

"Sisi tunamaliza leo."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Lakini Zuhura hakulia wala hakubishana. Alisimama wima, soksi mkononi, na mimi roho ikanichoma. Nikapita chini ya kamba.

"Afande, hini ni kazi ya mikono yangu! Huyu yuatoka harusini. Kosa si lake."

"Mama, rudi nyuma."

"Sirudi. Nipa dakika kumi na ndimu."

Baba yake akatoka mbio hadi kwa muuza mihogo, akarudi na chumvi na ndimu, na ndimu zenyewe zilishachovywa pilipili. Nikapiga magoti mbele ya jeshi zima nikamsugua mwanangu mguu.

"Mama, yawasha!"

"Nyamaza, wataka kuwa askari!"

Nilisugua mpaka ua moja likapauka, likawa rangi ya chai. Daktari wao akaja, akainama, akacheka, akasema tatuu haipauki kwa ndimu. Sajenti akamwandika nambari juu ya kiwiko, pasipo piko, kwa kalamu nene, akamrudisha kwenye foleni. Mimi akanirudisha nyuma ya kamba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nawapaka na watu wazima.

Sasa yuko kambini bara, kwenye baridi. Anasema kuruta kama kumi wana koplo wao. Vikundi vitatu ni platuni, chini ya luteni na sajenti wake. Platuni zikikusanywa ni kombania, mkubwa wake meja, na kombania zikikusanywa ni batalioni. Baba yake ameshaipanga nyumba hivyo hivyo: yeye meja, mimi koplo, paka kuruta. Nimemwambia meja atapika mwenyewe.

Juzi Zuhura alipopiga simu nikajikaza nimwambie ukweli. "Zuhura, ile piko..." Akanikatiza: "Mama, nilijua tangu uliponipaka mguu wa pili. Lakini ulikuja na ndimu." Mwenzake akaitaka simu. Nililia siku nzima, meja akapika kweli, na wali ukaungua.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, mama mdogo msuka mikeka, na shangazi wa nyumba ya pili, ambaye najua anachungulia begani kwako sasa hivi.

Na wewe, Mama. Siku nilipoolewa kuja Mombasa, kiatu changu cha kushoto kilitafutwa nyumba nzima, hata boti ikatungoja. Nilikununia mwezi mzima kwa kuwa hukuinuka kunisaidia kutafuta. Ulikaa tu juu ya kasha lako la nguo, ukinitazama. Leo nimejua kilikuwa wapi. Nisamehe.

Mwanao akupendaye,
Fatma